Jiko la Pampu Ndani ya Sanduku

Mama mkwe wangu aliingia Sweden na sanduku moja, na ndani ya sanduku hilo, katikati ya vitenge na unga wa muhogo, alikuwa amelaza jiko la pampu la shaba ya manjano. Wengine huja na picha za harusi, wengine na Biblia ya marehemu. Yeye alikuja na jiko. Alikuwa ameliosha kwa sabuni, akalichemsha, akalianika juani mpaka harufu ya mafuta ya taa ikakata. Uwanja wa ndege ofisa mmoja alilitoa, akaligeuza mikononi, likang'aa, akauliza kama ni kitu cha kanisani.

"Aliniuliza kama iko ya kanisa," alitusimulia bila aibu hata kidogo. "Na mi niko mutu ya kanisa. Nikaitika."

Tulikuwa tunakaa Norsborg, pembeni mwa Stockholm, treni ya laini nyekundu inakoishia, miaka ile ya elfu mbili ambapo bado tulikwangua kadi ili kupiga simu nyumbani. Mimi ni wa Kigoma. Mume wangu ni wa Uvira, Kongo, ng'ambo ya ziwa; alivuka kuja kwetu kutafuta hifadhi akapata jiko, kama watani wetu wanavyopenda kusema, na mimi nikifika harusini kwa mtu lazima nirudishiwe utani huo. Yeye alikuwa fundi kwenye gereji ya mabasi. Mimi nilikuwa nazunguka majumbani kwa wazee wa Kiswidi, kuwaogesha na kuwapashia chakula. Tulikuwa na binti mmoja, mwenye miaka kumi na ulimi wa wakili.

Kabla mama mkwe hajafika nilijiandaa kwa vita. Nilishasikia habari za mama wakwe tangu sijavunja ungo, nikapanga majibu yangu mapema kama mtu anayekwenda kortini. Hayakutumika. Yule mama alikuwa mchekeshaji, tena wa aina mbaya, anayechekesha huku uso umekaza. Alikuwa akitazama habari za Kiswidi kwenye televisheni, haelewi neno, na anatutafsiria mwanzo mpaka mwisho: huyu waziri ameibiwa kuku, huyu mwingine ndiye mwizi, na ramani hii inaonyesha kuku alikopitia. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo. Sikujua kwamba nilikuwa na njaa ya mama mpaka huyu alipokaa kwenye kochi langu. Nilimpenda, na nilitaka abaki.

Tatizo likawa hilohilo kochi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa kochi, rimoti na soksi za sufu. Basi yeye akajichukulia jembe mwenyewe. Nilirudi kazini siku moja nikamkuta jikoni, amepanda juu ya kigoda, sufuria kubwa iko kwenye jiko letu la umeme la kioo, na anasonga ugali wa muhogo kama ugali unavyosongwa Uvira, kwa mabega, kiuno na magoti. Nilitaka kusema kitu. Kioo kikawahi kusema. Kililia mara moja tu, ta!, na ufa ukapita kutoka kona hadi kona.

Msomaji wangu wa Stockholm anaijua sauti hiyo. Katika kanisa letu, lenye Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na sisi Watanzania wachache wa kutia chumvi, nyumba ambayo haijapasua jiko la kioo kwa ugali ni nyumba ya watu wanaokula mkate. Fundi wa matengenezo wa majengo yetu alipokuja, mzee wa Kiswidi mwenye masharubu, aliangalia ule ufa, akatuangalia sisi, akauliza neno moja: "Ugali?" Alilitamka vizuri kabisa.

Mume wangu hakucheka. Alimkalisha mama yake, akamshika mikono. "Mama, umepika maisha yako yote. Sasa pumzika."

Alisema kwa upendo. Lakini yule mama alisikia alichosikia. "Kupumuzika iko ya batu bakufa," alijibu, akarudi kwenye kochi, na tangu siku hiyo waziri hakuibiwa kuku tena. Baada ya siku chache akatutangazia kwamba kiangazi kikiisha atarudi Uvira. Kibali cha kukaa alikuwa nacho. Kilichokosekana ni sababu ya kukaa. Kila Jumamosi alitoa jiko lake sandukuni, akalisugua kwa limau na chumvi, akalifunga tena ndani ya kitenge na kulirudisha. Nikamwambia aliweke basi juu ya kabati, lipendeze nyumba.

"Hapana, binti. Jiko iko mu sanduku, na mi niko mu safari."

Majira ya kuchipua yale darasa la binti yetu lilikuwa linasoma habari za wavumbuzi. Msweden akikuambia habari za wavumbuzi wake, hasa wale wa mwisho wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ile iliyofuata, jiandae na chai. Binti yetu alituletea mezani somo zima. Spana ya kurekebisha, ile ambayo mafundi wa Kigoma wanaiita kwa jina nisiloweza kuliandika, tulivumbua sisi. Mashine ya kutenganisha maziwa na malai, sisi. Zipu, sisi, japo yule bwana alikuwa ameshahamia Amerika. Beringi zinazojinyoosha zenyewe, sisi. Taa za baharini zinazojizima jua likichomoza na kujiwasha likizama, bila mtu, sisi.

"Sisi nani?" bibi yake akauliza.

"Sisi Wasweden," mtoto akajibu, kwa Kiswahili, jambo ambalo kwake lilikuwa la nadra, kwa hiyo tukajua ni zito.

Mama mkwe akatafuna kwanza, akameza. "Na sisi ba Uvira tulivumbua nini?"

Mtoto alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Kisha akasema kwa Kiswidi kwamba hilo halikuwemo kitabuni.

Mama mkwe akainuka, akaenda chumbani, akarudi na jiko, akaliweka katikati ya meza kando ya dagaa, ambao yeye huwaita ndagala na hakubali kusahihishwa. "Hii," akasema. "Andika mu kitabu yako."

Akatueleza. Zamani, alipokuwa mke mpya, alipikia kuni, macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Nyuma ya soko la Uvira palikuwa na fundi mmoja. Alimkuta amekaa kwenye gunia, amezungukwa na vyuma, na mbele ya macho yake yule fundi akashika kitumbo cha shaba, akakilehemu, akakitia miguu ya nondo, akakitia kichwa, akakipampu, kikanguruma na kutoa moto wa buluu. "Niliona na macho yangu vile ilizaliwa. Hii jiko njo ilisomesha baba yako. Niliuza maandazi, sambusa, bugali ya batu ya bandari. Basweden bako na akili, sikatae. Lakini hii hawana."

Mimi kwa wavumbuzi nina upendeleo wangu. Aliyevumbua baruti ya kupasulia miamba mpeni sifa zake na majumba yake. Mimi namsujudia aliyemtoa mwanamke masizi puani. Kwa hiyo nilipiga makofi, na mume wangu, ambaye anajua kila nati ya basi, akapiga makofi pia, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuligeuza jiko na kutazama chini. Nani husoma tako la jiko?

Habari zikafika kanisani. Akina mama wakataka kuliona. Kila kiangazi kanisa letu hufanya mkusanyiko kando ya maji, chini ya Vårby gård, na kila mwaka ugali hupikwa majumbani na kufika pale umepoa, mgumu kama tofali la kuchoma. Mama mkwe akasimama mbele ya wote akaahidi: mwaka huu watakula ugali wa moto, unaopikiwa palepale, kwa jiko kutoka Uvira. Siku ile alitembea kwenda kituo cha treni mbele yetu sote, mkoba begani, na mimi nyuma nikajisemea, afadhali. Huyu akipika mkusanyiko huu, huenda akasahau safari.

Tukalijaribu jiko nyuma ya majengo yetu, kwenye majani. Likatoa moto wa njano, likakohoa, likazima. Akapampu tena. Likakohoa, likazima. Tundu la kupitishia mafuta lilikuwa limeziba, na jiko la namna hii bila kisindano cha kulizibulia ni pambo la mezani. Tulijaribu pini ya nywele, waya wa brashi, hata uzi wa gitaa alioutoa jirani mmoja Mrundi kwa moyo mweupe. Vyote vilikuwa vinene.

"Kisindano kiko wapi, mama?"

"Iko mu ukuta," akasema. "Mu ukuta ya jikoni yangu, Uvira. Nilikuwa nachoma mule, karibu na mulango, mukono ikitaka inapata. Nilikumbuka kila kintu, ile nikaacha mu ukuta."

Aliketi kwenye majani, na kwa mara ya kwanza tangu aje nilimwona amezeeka. Kwamba ameahidi mbele ya kanisa zima, tena kwa kujigamba, ndilo lililomkata maini.

Mmoja wa wazee niliokuwa nawahudumia ndiye aliyeniambia nijaribu soko la vitu vikuukuu la Tumba. Jumamosi tukapanda basi, sisi watatu: mama mkwe, binti yetu na mimi, na jiko ndani ya mfuko pamoja na vikorokoro vyake vyote. Tukapita meza za vikombe, za skii, za midoli isiyo na macho, mpaka tukafika kwa mzee mmoja mrefu, aliyepanga taa za mafuta, randa na spana. Alipoona shaba ikichungulia mfukoni, alifuta mikono kwenye suruali yake kabla hajaigusa. Hapo hapo nikampenda.

Visindano alikuwa navyo, kopo zima. Alichomeka kimoja, akazungusha, akapuliza, akatutikisia kichwa kwamba tayari. Furaha yetu ilikuwa bado inapanda alipoligeuza jiko juu chini. Akatema mate kidogo kwenye kitambaa, akasugua pale palipokuwa peusi miaka yote, akasugua tena, akacheka peke yake.

Binti yetu aliinama. Anasoma kila kitu huyu, hata maganda ya sabuni. "Farmor," akamwita bibi yake, "det står Stockholm." Imeandikwa Stockholm.

Kwa neno Stockholm mama mkwe hakuhitaji mkalimani.

Yule mzee hakujua alichokifanya. Alifurahi, maskini, akaanza kumwaga historia. Jiko hili lilivumbuliwa hapa mjini, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na fundi wa kiwandani. Watu walikuwa wamechoshwa na majiko ya utambi yenye masizi, naye akafikiria taa ya mafundi ya kuchomelea, akauelekeza moto wake juu, chini ya sufuria. Likaenda dunia nzima, hata kwenye barafu za ncha ya kaskazini. Shangazi yake alifanya kazi kiwandani kule, alikuwa akirudi nyumbani ananuka shaba. Nilianza kwa kutafsiri sentensi nzima nzima, kisha nusu, kisha nikanyamaza.

"Anasema nini?"

"Anasema lilitengenezwa hapa, mama. Zamani sana. Huenda yule fundi wa Uvira alilipata limechakaa, akalifufua."

Akalitazama jiko lake kama unavyomtazama mtu uliyemkaribisha kwa jina lisilo lake. "Miaka yote hii," akasema taratibu, "nilikuwa nalala na mugeni mu nyumba."

Alisema tulirudishe mfukoni twende. Hakutaka kisindano tena. Kule kanisani nitawaambia nini, akauliza, kwamba nimewaletea Basweden jiko yao? Na mtoto huyu je, niliyemwambia aandike kitabuni? Nilimwombea binti yetu asiseme kitu, na kwa rehema za Mungu hakusema.

Nilipokuwa narudisha vitu mfukoni, yule mzee akashika mkono wangu. Alikuwa ameona kile chuma cha mwisho, kile ambacho sisi tulikuwa hatukitilii maanani: pete pana ya nondo yenye mabawa mawili ya bapa, upande huu na huu. Akakiinua. Akakipima na jiko. Akakigeuza. Akasema majiko ya namna hii yamepita mikononi mwake tangu ujana, ana mengine nyumbani mpaka mke wake amechoka, lakini kitu kama hiki hajawahi kukiona. Hiki hakikutoka Stockholm. Ni cha kazi gani?

Nikatafsiri. Mama mkwe akaangalia kando, kwenye meza ya vikombe. Mzee akauliza tena, kwa unyenyekevu, na pete mikononi.

"Mwambie iko yangu," akasema.

"Yako vipi, mama?"

Akashusha pumzi. Fundi alimpa jiko, ndiyo, lakini jiko lilikuwa la mtu wa kuchemsha chai. Ukisonga ugali, linatembea. Siku moja lilitembea mpaka likaanguka, na akainua kitenge chake kidogo pale sokoni kutuonyesha kovu mguuni, refu, ambalo sikuwahi kuliona. Kesho yake akamwendea mhunzi, akachora chini kwa kijiti: hapa pete ishike sufuria, hapa na hapa mabawa ya kukanyagia. Mhunzi akamcheka. Yeye akakaa kwenye mlango wa mhunzi mpaka akafua. "Ukikanyaga hapa, na hapa, jiko haiende fasi yoyote. Hata usonge bugali ya basoda kambi nzima."

Maneno hayakutosha. Akavuta kiti cha mzee, kiti cha kuuzwa, akakaa, akapanga jiko ndani ya pete, miguu juu ya mabawa, akaomba mwiko. Mwiko haukuwepo. Mzee akampa kasia fupi la mtumbwi. Na mama mkwe wangu, pale Tumba, karibu na kituo cha treni, akasonga ugali wa hewa kwa mabega, kiuno na magoti, na jiko halikusogea hata unywele. Watu wakasimama. Mama mmoja mwenye mbwa akauliza kama kile ni chombo cha mazoezi ya mwili.

Mzee alichora ile pete kwa penseli pembeni mwa gazeti lake, na vipimo. Alipomaliza, akauliza jina la mvumbuzi ili aliandike chini ya mchoro. Nikamtafsiria. Mama mkwe akaondoa kasia magotini, akajiweka vizuri kitini, akataja jina lake lote, la ubatizo, la baba na la babu, na akamwelekeza kila herufi. Binti yetu alikuwa amesogea mpaka akasimama ubavuni mwa bibi yake, mkono begani mwake.

Tukiondoka, mama mkwe alikuwa amerudi kuwa yeye. "Mwambie huyu muzee," akaniamuru, uso umekaza. "Binti yao aliolewa kwetu. Alikaa muzuri, alizaa, hatukumurudisha. Sasa tumemuleta kusalimia kwao. Na mukwe hapokewi mukono mitupu."

Nilitafsiri nikiwa nacheka. Mzee alicheka mpaka akakohoa kama jiko lenyewe, kisha akampa kopo lote la visindano.

Kiangazi kile kilikuwa kikavu. Siku chache kabla ya mkusanyiko wetu ikatangazwa marufuku ya moto katika wilaya nzima, majani yakiwa makavu kama karatasi. Kanisani hatukusoma vizuri tangazo, au tulisoma tukadhani ni la Wasweden. Tulipofika kando ya maji, marafiki zetu Wakenya wameshapanga makaa na wana nyama ya kulisha harusi, akatokea dada mmoja mwenye koti la kung'aa, mtu wa manispaa, akasema kwa upole kwamba makaa hapana, kuni hapana.

"Sasa hii nyama yote tutafanyia nini jameni?" mmoja wa Wakenya akalia. "Tuiangalie tu?"

Yule dada akaliona jiko la mama mkwe. Akachuchumaa. Jiko la mafuta, akasema, kama yale ya wapiga kambi, hilo linaruhusiwa, ilimradi liwekwe juu ya mwamba na ndoo ya maji iwe karibu. Akaongeza kwamba bibi yake alikuwa na la hivyo kwenye kibanda chao cha kiangazi, na kwamba hajausikia mlio wake tangu utotoni. Akakaa kuusubiri.

Mama mkwe akamimina spiriti kidogo kwenye kikombe cha jiko, akaiwasha, akangoja ile shaba ipate joto, hana haraka, kanisa zima limemzunguka. Kisha akapampu. Jiko likashika, likanguruma, moto wa buluu ukasimama wima. Akina mama wakapiga vigelegele. Akaketi kwenye kigoda, akakanyaga mabawa, akaanza. Ukitoka ugali mmoja unaanza mwingine, na foleni ikaenda mpaka kwenye maji: sombe, yaani kisamvu, ndagala, maharage, na ugali unaofuka. Nyama ya Wakenya ilikatwa vipande vidogo ikakaangwa zamu zamu, wakala wakinung'unika kwa raha. Dada wa manispaa alikula kwa mkono, vibaya sana, na tulimsifu.

Hakuwadanganya. Kabla ya kula aliwaambia wote, kwa sauti: jiko ni la hapa hapa, limeandikwa tako lake, na yeye amelirudisha kwao likiwa zima. "Lakini hii ya kukanyaga," akagonga bawa kwa mwiko, "hii iko ya Uvira."

Mume wangu alifika akitoka zamu, bado na nguo za gereji. Alisimama pembeni na sahani tupu. Mimi nilidhani anatazama foleni. Alikuwa anatazama miguu ya mama yake. Akasogea, akapiga goti, akapitisha kidole kwenye zile nondo, pale mhunzi alipoziunga, na nikaona jicho lake la ufundi likifunguka.

"Mama, hii uliitengenezesha lini?"

"Ulikuwa mu mugongo yangu," akasema, bila kuacha kusonga. "Ulilala."

Mume wangu alikula ugali mara mbili.

Wiki iliyofuata alikwenda Tumba peke yake. Akarudi na plati moja ya umeme, ya zamani, ya chuma kizito kisichojua kupasuka, na kutoka gereji akaleta mabomba ya chuma yaliyotupwa. Akavitandaza vyote sakafuni jikoni, mbele ya lile jiko la kioo ambalo fundi wa masharubu alikuwa ameshatubadilishia. Akamwita mama yake kutoka kwenye kochi.

"Njoo nikupime, Mama. Sijui mabawa yakae umbali gani. Mimi naweza kuunga chuma, lakini hii kazi siijui."

Alikuja polepole, huku anajifunga kitenge. Akakaa kwenye kigoda, akaweka mguu mmoja hapa, mwingine pale, na mwanawe, amelala kifudifudi kama mtoto, akachora kwa chaki kuzunguka kila mguu. Sisi wawili, binti yangu na mimi, tulisimama mlangoni. Kiangazi kilikuwa kinaisha. Tiketi yake ya kurudi Uvira ilikuwa juu ya friji.

"Imetosha?" mume wangu akauliza.

"Haitoshe." Akaninyooshea mwiko. "Weka na mabawa ingine mbele. Ya huyu. Akae pale, tuangaliane."

"Ya nini, Mama? Si utasonga wewe?"

"Kuna siku mikono itachoka."

"Lini?"

"Haiko mwaka huu," akasema. "Na mwaka kesho pia, haiko."

Mume wangu hakuinua uso. Alibaki anachora na chaki mahali palipokwisha kuchorwa. Mimi nilivua viatu, nikaketi sakafuni mkabala na mama mkwe wangu, nikanyoosha mguu nipimwe, machozi yananitoka na ninacheka, sijui kipi kilitangulia. Yeye akatoa kisindano kwenye fundo la kitenge chake, akajaribu kukichoma ukutani karibu na mlango. Kuta za Norsborg ni za zege, hazikukubali. Akaguna, akakichoma kwenye ubao wa fremu ya mlango, pale mkono ukitaka unapata. Kisha akauliza unga tunaweka wapi.